Kilicho Chini ya Boneti

Kwenye mnada wa Katesh siku hizi kigari cha mtoto kinatandazwa juu ya turubai pamoja na ndoo na kandambili: cha plastiki, chekundu, madirisha yamechorwa kwa rangi, boneti imegandishwa palepale. Mzazi anayekinunua hana kosa. Lakini boneti hiyo haifunguki, na hata ingefunguka mtoto asingekuta kitu ndani. Gari la waya au la kopo, ambalo watoto wa wilaya za Mbulu na Hanang wamelitengeneza machungani kwa vizazi kadhaa, lilikuwa na magurudumu ya ndala zilizochakaa na usukani wa fimbo ndefu uliomwezesha dereva kulisukuma akiwa wima. Mikononi mwa mtengenezaji aliyeiva, lilikuwa pia na injini. Naisifu injini hiyo kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu umbo la nje mtoto yeyote anaweza kulikariri gari likipita barabarani, ilhali injini haitengenezeki mpaka mtu asimame, ainame, aangalie, aulize kila bomba limetoka wapi na linakwenda wapi.

Chukua Land Rover ya zamani ya petroli, ile ya lita 2.25 iliyopanda milima ya Mbulu kabla vijana wa leo hawajazaliwa. Ina silinda nne, na kifuniko cha distributa kina nyaya tano: moja ya katikati inatoka kwenye koili, nne zinakwenda kwenye plagi, kwa mpango wa 1-3-4-2. Gari lenyewe, lile refu, lina urefu wa karibu mita 4.4. Ukilitengeneza kwa sentimita 44, yaani sehemu moja ya kumi, waya wa plagi wenye unene wa milimita 7 unakuwa wa milimita 0.7, na unene wa namna hiyo haukosekani ndani ya nyaya chakavu za umeme na simu. Hakuna anayempigia mtoto hesabu hii; jicho lake linazikataa nyaya nene na kuzipokea nyembamba. Sasa lete Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2. Hapa hakuna waya wa plagi hata mmoja. Kuna pampu, na kutoka kwenye pampu vibomba sita vya chuma vinapanda kwenda kwenye nozeli, vimekunjwa kwa ukakamavu, havilegei wala havining'inii. Aliyeiwekea dizeli nyaya za plagi amesema jambo lisilo kweli kuhusu gari hilo, hata kama kazi yake inang'aa. Tena kung'aa kwenyewe ni kosa. Injini iliyofika Haydom kwa barabara ya vumbi haiwi safi, wala haichafuki sawasawa kila mahali: vumbi hung'ang'ania pale oili ilipovuja, chini ya gasketi ya kifuniko cha juu, kuzunguka chujio la oili, na penginepo hubaki utando mwepesi tu. Anayejua kuupaka uchafu mahali pake amekwisha kujua oili inapita wapi.

Ardhi ya Mbulu na Hanang ilikuwa na darasa la wazi la mambo hayo. Trekta kama Massey Ferguson 135, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, halina mabati ya kuificha injini ubavuni. Anayelifuata shambani anaziona nozeli zote tatu bila kumwomba mtu ruhusa. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, lililima ngano Hanang katika mashamba saba, Basotu, Setchet na Mulbadaw yakiwemo, eneo la takriban ekari 100,000. Mitambo ya mashamba hayo haifai kutajwa bila kutaja kwamba ililima malisho ya wafugaji Wabarbaig, na kwamba wananchi wa Mulbadaw waliipeleka NAFCO mahakamani. Jeraha hilo halijasahauliwa. Hata hivyo kombaini na matrekta yalikuja na karakana, na kila karakana hutupa vyuma.

Kugeuza chuma kilichotupwa kuwa kitu chenye thamani hakukuanza na matrekta. Wahunzi wa Kidatoga, ukoo wa Gidang'odiga, tangu zamani huchukua misumari, kufuli mbovu na shaba nyeupe iliyovunjika, wakavukuta moto kwa ngozi ya mbuzi, wakatoa bangili, visu na vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvinunua kwa asali. Jamii iliwahitaji, na jamii hiyohiyo ikakataa kuoana nao. Dharau hiyo kwa mtu wa mkono mweusi bado tunayo. Ndiyo inayomfanya mzazi aone aibu mwanawe akishika koleo na waya, na aone fahari akimnunulia plastiki.

Kuna watakaosema kwamba gari la kopo lilikuwa tunda la ufukara, na kulisifu ni kuusifu ufukara. Hoja hiyo ina uzito, lakini haisimami mbele ya ushahidi. Kampuni ya Corgi ya Uingereza ilitoa mwaka 1960 Aston Martin DB4 ndogo ya zinki ya kumimina, boneti yake ikifunguka na injini ikionekana. Watu wazima wa Ulaya, Marekani na Japani, wenye uwezo wa kununua gari dogo lolote, hununua la zinki, wakalitoboa ribiti, wakatenganisha bodi na chesisi, kisha wakakesha na kioo cha kukuzia wakiongeza nyaya, mipira ya rejeta na betri, kwa sababu kiwanda kiliwapa injini ya uongo: donge moja lililopakwa rangi ya fedha. Hao hawana shida ya fedha. Wanatafuta alichokuwa akikitafuta mtoto mchunga mifugo wa Dongobesh, na yeye alikipata bila kununua chochote.

Wengine watasema injini za leo zimefunikwa plastiki na kuongozwa na kompyuta, hivyo hakuna tena cha kuangalia. Mfuniko huo hung'olewa kwa dakika moja, na chini yake silinda zipo na maji bado yanazunguka. Na bodaboda je? Imefika kila kijiji cha wilaya hizi mbili, injini yake iko wazi kuliko ya trekta: silinda moja, plagi moja, waya mmoja, na mapezi ya kuipooza kwa upepo. Kwenye bodaboda ya kuchezea, mapezi hayo hutengenezwa kwa visahani vya bati la kopo vilivyopangwa juu ya msumari, kati ya kimoja na kingine ukiweka kipande cha mpira wa ndala. Sijui kazi nyingine isiyo na gharama inayofundisha vizuri zaidi jinsi injini inavyopoozwa. Wanaoifanya wanapungua, na kazi zao zinaoza majalalani kwa sababu hatukuwahi kuziita kazi.

Baadhi ya shule za sekondari sasa zina mkondo wa amali. Mwalimu wa Mbulu au Hanang asisubiri vifaa kutoka mjini. Aende gereji, aombe kifuniko cha distributa kilichokufa, pampu ya dizeli iliyochoka, nozeli iliyoziba. Aviweke mezani na waya na koleo, na asimsahihishe mtoto rangi kabla hajamuuliza bomba lile linakwenda wapi. Nawe mwenye gereji, usiwafukuze watoto wanaochungulia boneti ikiwa wazi.