Hongera Watunza Kanda

Hapa kijijini Kinole, redio ikipiga Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, wazee huweka jembe chini wakasikiliza. Mbaraka alifariki Mombasa mwaka 1979. Sauti yake ingali hai. Kwa hilo nawapongeza watunza kanda wa iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, leo TBC. Joto na unyevu huila kanda. Mtunzaji huipangusa vumbi taratibu, huunga palipokatika, kisha huinakili kwenye kompyuta. Wimbo uliopotea huenda ukapatikana kwenye santuri ya mtu. Lakini mahojiano ya mwanamuziki yakifutika, yamekwenda na mwenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari. Ndugu msomaji, kama una kanda ya zamani kabatini, usiitupe.