Mto Honia na Watu Wake

Msomaji, ukiifungua riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo The River Between, iliyochapishwa mwaka 1965, hukutani kwanza na mtu bali na bonde katika nchi ya Wagikuyu. Upande mmoja pana kilima cha Kameno, upande wa pili Makuyu, na katikati wapita mto Honia, ambao jina lake lina maana ya kuponya.

Wengi husema kwamba mto huo ni mpaka baina ya washika mila wa Kameno na Wakristo wa Makuyu. Nionavyo mimi, hiyo ni nusu ya habari. Watu wa pande zote mbili huteka maji hapo, na mifugo yao hunywa hapo. Kilichowatenga si mto, ni ubishi wa wakubwa. Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, alitaka kuwa Mkristo na pia mwanamke kamili wa kabila lake. Alitahiriwa, akafa kwa jeraha. Mwalimu Waiyaki aliona haja ya umoja, lakini alichelewa kuinena. Na ngojangoja huumiza matumbo. Alipokuja kuinena, umati ulimtia mikononi mwa Kiama, baraza la kulinda mila.

Kitabu kina upungufu wake. Mabishano ya viongozi twayasikia sana, lakini mama alimaye na mtoto achungaye mbuzi twawaona kwa mbali, kama umati tu. Na wao ndio watakaorudi mtoni kesho kuteka maji. Usomapo, wafikirie hao kwanza, ndipo uamue nani alikuwa na haki.