Umande wa Bomet na kalamu yangu nyekundu

Swali lilikuwa jepesi, la alama mbili: eleza maana ya msemo "kukimbia umande". Mwalimu yeyote wa Kiswahili nchini analijua jibu lake hata ukimwamsha usiku wa manane. Aliyekimbia umande ni mtu ambaye hakwenda shule. Njia ya shule ina nyasi, nyasi za asubuhi zina umande, na anayeogopa kulowa miguu hubaki nyumbani na ujinga wake. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili akaniandikia, kwa mwandiko safi kabisa, kwamba aliyekimbia umande ni mtu aliyebahatika kusoma. Nikamkata. Sufuri. Nikaongeza na alama ya mshangao pembeni, maana nilikuwa mgeni na nilidhani nimekuja na Kiswahili chote mfukoni.

Shule yenyewe iko kaunti ya Bomet, upande wa Konoin, ambako ukisimama langoni unaona chai hadi macho yachoke. Mimi ni mtu wa Mombasa. Chai niliyoijua kabla ya uhamisho ule ilikuwa ya aina mbili tu: ya kikombeni, na ya kwenye magunia yaliyopangwa katika maghala ya Shimanzi ikingoja mnada. Kwamba kabla ya gunia kuna jani, na kabla ya jani kuna mtu aliyeinama, nilikuwa naambiwa tu.

Siku ya kurudisha karatasi, kijana alinifuata hadi chumba cha walimu. Hakuja kwa ujeuri. "Mwalimu," akasema, "mama yangu hakusoma. Na kila siku saa kumi na mbili asubuhi yuko ndani ya umande. Sasa ni nani aliyeukimbia, yeye ama mimi?"

Nilimpa jibu ambalo sisi walimu hulikimbilia tukiishiwa na majibu: misemo haibishaniwi, mwanangu, hukaririwa. Akasema asante mwalimu, akaenda zake.

Jumamosi moja, wiki chache baadaye, nilitoka mapema kwenda stendi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba. Nikasikia sauti kabla ya kuona watu, kisha wakaanza kujitokeza mmoja mmoja: kikapu mgongoni, aproni ya nailoni kifuani, gambuti miguuni, vidole vikienda mbio juu ya majani. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Kila mguso ulimwaga maji. Wengine walikuwa wamelowa hadi kiunoni. Mama mmoja alinisalimia, akanicheka kidogo kwa jinsi nilivyojifunga koti na skafu, akaniambia majani ya saa hizo ni mazito, lakini usifurahi, kwenye mizani uzito wa maji unaondolewa. Kumbe umande ule haumlowi tu. Unahesabiwa, kisha unakatwa.

Hapo ndipo sufuri yangu ilipoanza kunisumbua.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kwetu pwani umande ni jambo la muda mfupi. Jua likichomoza hapana tena. Na mabaharia na wavuvi wa zamani waliliita umande vilevile pepo za asubuhi zitokazo nchi kavu kuelekea baharini. Mvuvi alitweka tanga alfajiri, umande ukamsukuma nje. Kwa mvuvi huyo, kukimbia na umande kulikuwa ndiko kwenda kazini! Neno ni lile lile moja. Kwa mvuvi ni upepo wa kumbeba, kwa mwanafunzi wa vitabuni ni adha ya dakika kumi njiani, na kwa mama wa Konoin ni mahali pa kazi. Msemo wetu umechukua maana ya katikati, ukaifanya ya watu wote.

Hilo la umande halikuwa la pekee. Chukua neno "baridi". Tumelipata kutoka Kiarabu, na katika mzizi huohuo ndimo yametoka "burudika", "burudisha" na "burudani". Yaani lugha yetu inaona raha na ubaridi kuwa ndugu wa tumbo moja. Waliotuachia maneno haya walikuwa watu wa nchi za jua. Kwao furaha ilikuwa kivuli na maji ya mtungi. Hata neno letu la Kibantu limefuata njia hiyo: mgonjwa akipata nafuu tunasema amepoa, na kijana wa leo akiulizwa hali anajibu "poa". Sasa mpeleke huyo kijana Kericho, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari (ndiyo, hata kilima tunakipima kuanzia baharini), mwezi wa Julai, mvua ya alasiri imeisha na mvua ya mawe ikapita juu yake. Mwulize kama amepoa. Atakwambia amepoa sana, anatafuta jiko.

Mwanafunzi mwingine aliandika katika insha kwamba baridi ilichoma chai yote ya baba yake. Nikapiga mstari: baridi haichomi, moto ndio unaochoma. Nilikuwa nimekosea tena. Januari na Februari, usiku ukiwa hauna mawingu, umande huganda juu ya majani, na kufikia mchana majani yamekuwa kahawia kama yaliyopitiwa na mwali. Kamusi zetu zina neno la kitu hicho, tena mawili: jalidi na sakitu. Huku juu sijapata kusikia mtu akiyatumia shambani. Watu wanasema baridi imechoma, au barafu imechoma, na aliyeliona shamba lenyewe hawezi kutafuta kitenzi bora zaidi.

Na hapa nakuja kwenye kitenzi kilichonigombanisha na darasa zima: kuchuna. Mimi nilisisitiza kwamba chai "huchumwa", kwa sababu chuna ni kutoa ngozi ya mnyama. Darasa likashikilia kuchuna. Ndivyo wanavyosema wazazi wao, ndivyo wanavyosema makarani, na hata magazeti yanapoandika juu ya mashine zinazowanyang'anya watu kazi yanasema mashine za kuchuna chai. Kwa nini neno hili lilishinda? Nadhani kwa sababu embe huchumwa moja moja, ukalitia kapuni ukaona umepata kitu. Chai hubanduliwa kutoka juu ya kichaka kizima, na baada ya siku kadhaa unarudi kukibandua kichaka kilekile. Isitoshe, kuchuma nako ni kupata faida, kuchuma mali. Anayelipwa kwa kilo anajua kwamba kuchuna na kuchuma ni vitu viwili. Tofauti hiyo mimi, mwenye kamusi, nilitaka kuifuta kwa wino mwekundu.

Tarehe zinasaidia kueleza tulivyofika hapa. Kampuni kubwa za chai ziliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920. Brooke Bond ilifika 1924. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kikateuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu (sisi Wamvita tungali na kinyongo, lakini hilo la siku nyingine), na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika makoloni ya Afrika Mashariki. Katika miaka ileile, basi, mambo mawili yalikuwa yakitendeka. Wasomi walikuwa wakichagua Kiswahili cha kuandikwa vitabuni, wakikitazama kisiwa. Na katika kambi za mashamba ya chai, Wakipsigis, Wagusii, Waluo na Waluhya walikuwa wakihitaji lugha moja ya kuulizana zamu ni ya nani na kilo ni ngapi. Walichukua yaliyopanda kutoka pwani na kuyapa kazi mpya. Nyapara, aliyekuwa kiongozi wa wapagazi katika misafara ya Wanyamwezi, akageuka msimamizi wa wachuna chai. Kibarua, barua ndogo aliyopewa mtu wa kutwa kama ushahidi wa kazi, akawa ndiye mtu mwenyewe. Hakuna aliyeyasahihisha maneno hayo. Tumeyapokea kwa sababu yameshazeeka.

Wanafunzi wangu hawakupewa uhuru huo. Walifundishwa majira ya mwaka kwa kuyakariri: masika, kipupwe, demani, vuli, kiangazi, na kusi na kaskazi juu yake, pepo za kuendeshea majahazi. Wanayajua kwa ufasaha kuliko watoto wengi wa Mombasa. Halafu wanatoka darasani kwenye nchi ambayo mvua hunyesha karibu kila mwezi, na hawana pa kuyaweka. Insha zao zinaanza na jua la utosi na jasho linalotiririka, kwa sababu walisoma kwamba insha nzuri huanza hivyo. Mwandishi wake ameandika akiwa na sweta mbili. Mmoja alinipa mawimbi yanayopiga ufuo, akiwa hajawahi kufika bahari. Yule nilimpa alama nyingi! Aliyeandika baridi iliyochoma chai ya baba yake, kitu alichokiona kwa macho, nilimpunguzia.

Cha ajabu ni kwamba lugha yao ya nyumbani imeyapanga mambo haya vizuri. Katika orodha ya darasa langu nilikuwa na akina Kiprop na Cherop, waliozaliwa mvua ikinyesha, na akina Kipkoech waliozaliwa kukipambazuka. Kila asubuhi nilikuwa nikiita hali ya hewa ya Bomet kwa sauti, jina baada ya jina, wakinijibu "yuko!", kisha nikigeuka ubaoni kuwafundisha demani.

Najua watakaonijia juu. Watasema msemo una maana iliyokubaliwa na jamii, na mtihani hupima maana hiyo, siyo wasifu wa mama wa mtahiniwa. Ni kweli. Ningetangaza kwamba kila mtu aufasiri msemo anavyopenda, tungebaki bila lugha. Sitaki "kukimbia umande" utupwe, na jibu la kijana yule, kama taarifa ya jinsi Waswahili wautumiavyo msemo huo, lilikuwa na kosa. Lawama yangu iko kwenye swali. Tunauliza "eleza maana" na kusimama hapo, kana kwamba msemo ulishuka kutoka mawinguni. Hatuulizi ulimtazama nani, akiwa wapi, akielekea wapi. Tungeuliza hivyo, kijana wa Konoin angekuwa mwanafunzi bora zaidi darasani, kwa kuwa yeye peke yake alisimama akajiuliza kama msemo unasema kweli kumhusu mama yake.

Na wenye kamusi nao. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka 1981 tumezoea kuona vifupisho vinavyotambulisha neno la kale au la kishairi. Mchuna chai wa Kericho anastahili kitomeo chake vilevile, bila kuombewa radhi. Chai anayoichuna inateremka hadi Mombasa kuuzwa na hakuna mnunuzi anayeikataa kwa kuwa ya bara.

Mwisho wa muhula nilimwita kijana yule, nikamwomba karatasi yake. Alikuwa ameihifadhi, imekunjwa mara nne ndani ya daftari la Hisabati. Nikaifuta ile sufuri, nikamwandikia moja kati ya mbili, nikamweleza moja imepotelea wapi. Alisikiliza hadi nikamaliza, kisha akaniuliza kama anaweza kuipeleka nyumbani amwonyeshe mamake.

"Anasoma Kiswahili?" nikamuuliza.

"Hapana, mwalimu. Nitamsomea."