“Upatikanaji wa Mwanga”: Uhakiki wa Istilahi Moja katika Maelezo ya Ukuzaji wa Sayanobakteria

Makala hii inahakiki istilahi “upatikanaji wa mwanga” kama inavyotumika katika kueleza, kwa Kiswahili, ukuaji wa sayanobakteria ndani ya fotobioreakta, yaani vyombo viangavu vya kuoteshea viumbe wadogo kwa mwanga. Hoja yetu ni kwamba istilahi hiyo, ijapokuwa haina kasoro ya kisarufi, huficha jambo lile lile ambalo modeli za ukuaji zimeundwa kulidhihirisha.

Suala hili si la wanaistilahi peke yao. Spirulina, jina la kibiashara la sayanobakteria wa jenasi ya Arthrospira, huota kiasili katika maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki, yakiwemo Nakuru na Bogoria, ambako ni chakula kikuu cha heroe wadogo. Ikikaushwa, takriban asilimia 60 ya uzito wake ni protini. Nchini Burundi, Utafiti wa Demografia na Afya wa 2016–2017 ulibaini kuwa asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika hali hiyo, pendekezo lolote la kuikuza spirulina lina mvuto. Hata hivyo, mshauri wa wabunge hapa Kigobe, lilipo jumba la Bunge, hasomi milinganyo ya modeli; husoma muhtasari. Uamuzi wake hutegemea maneno aliyopewa.

Katika Kiswahili cha sera, neno “upatikanaji” lina mazoea yake. Twasema upatikanaji wa maji, wa dawa na wa mbegu. Katika matumizi hayo kitu huhesabiwa kuwa kimepatikana pindi kinapofika mahali fulani: bombani, zahanati au ghalani. Basi msomaji akikuta sentensi isemayo kwamba “upatikanaji wa mwanga huongeza ukuaji”, hukumbuka kuwa Bujumbura iko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta na kwamba tambarare ya Imbo haina uhaba wa jua. Huhitimisha kuwa sharti la mwanga limekwisha kutimizwa. Hitimisho hilo ni kosa, lakini chimbuko lake ni istilahi.

Modeli zenyewe hazisemi hivyo. Katika mchanganyiko wa maji na seli uliokorogwa sawasawa, kila tabaka hunyonya sehemu ile ile ya mwanga uliolifikia. Tuchukue mfano wa hesabu. Ikiwa sentimita 1 ya mchanganyiko hunyonya nusu ya mwanga, katika kina cha sentimita 5 husalia sehemu 1 kati ya 32, yaani takriban asilimia 3. Wingi wa seli ukiongezeka maradufu, kila sentimita hubakiza robo tu, na katika kina kile kile husalia sehemu 1 kati ya 1,024. Jua halikupungua, ni mavuno yenyewe yaliyojitia kivuli. Wakati huohuo, seli zinazokaa karibu na uso huweza kudhurika kwa mwanga mkali wa adhuhuri, huku zilizo chini zikiwa gizani. Kwa hiyo kina cha chombo, wingi wa seli na namna ya kukoroga vina uzito sawa na ukali wa jua.

Maarifa haya si mageni katika ukanda wetu. J. F. Talling, katika makala yake ya 1965 kuhusu usanisinuru wa mimea midogo ielayo katika maziwa ya Afrika Mashariki, alishughulikia uhusiano wa mwanga na kina. Mwaka 1993, Rose Mugidde alionyesha kuwa uzalishaji wa mimea hiyo katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, ulikuwa umeongezeka tangu vipimo vya Talling, huku uangavu wa maji ukipungua. Jua la Ziwa Victoria lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mwanga uliofika chini.

Huenda mtu akapinga kwamba muktadha hutosha kuondoa utata. Kwa mtafiti mwenye mlinganyo mbele yake, hoja hiyo inakubalika. Kwa mshauri asiye na mlinganyo, istilahi ndiyo muktadha wake wote. Wapo pia watakaohofia wingi wa istilahi mpya. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo maana hatupendekezi uundaji wa maneno mageni. Tunapendekeza kutenganisha dhana mbili kwa maneno yaliyopo: “mwanga wa juu ya uso” na “mwanga uifikiao seli”. Dhana ya tatu, “kivuli cha seli”, hueleza kwa nini ya kwanza na ya pili hazilingani.

Kipimo cha istilahi ni uamuzi inaouzalisha. Anayeambiwa kuwa mwanga unapatikana atauliza gharama ya tangi kubwa na refu kwenda chini. Anayeambiwa kuwa mwanga hauifikii seli iliyo chini atauliza kwanza kina cha tangi, wakati wa kuvuna ili kupunguza kivuli, na nishati ya kukoroga. Maswali haya ya pili ndiyo yanayopaswa kuulizwa kabla fedha ya umma haijatengwa, na ni wajibu wa Kiswahili chetu cha kitaaluma kuyawezesha.