Likoni Walibadilisha Ukuta, Sisi Tunabadilisha Uso

Kwenye simu yangu kuna programu tatu za picha ambazo hazijawahi kufutwa, hata nafasi ikiisha na inabidi nichague kati yazo na video za grupu la familia: Snapseed, Lightroom na VSCO. Watu huniuliza ipi ndiyo kali. Jibu fupi ni Snapseed. Jibu refu linatupeleka kwanza kivukoni Likoni.

Miaka ya 90, karibu na feri ya Likoni pale Mombasa, kulikuwa na wapiga picha wenye vibanda vidogo. Nyuma ya mteja walitundika pazia lililochorwa ndege, meli au maghorofa. Heike Behrend, mtafiti kutoka Ujerumani, ameandika kuwahusu kwa kirefu. Wateja wao wengi walikuwa watu waliokuja Pwani kutafuta kazi, na picha ilikuwa kama barua ya kwenda nyumbani: nilifika, niko sawa. Lamu nako, Omar Said Bakor alikuwa akikata na kuunganisha picha kwa mkono miaka mingi kabla ya simu kujua kazi hiyo. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema ati kuhariri picha ni ugonjwa wa kizazi cha selfi, mwambie sisi tulianza kitambo.

Lakini angalia ni nini kilichohaririwa. Pale Likoni, ukuta ndio uliodanganya. Uso ulibaki wa mwenyewe, ndiyo mama aliye ushago afungue bahasha na amtambue mwanawe. Filta za urembo za leo zinafanya kinyume kabisa. Sofa ni ile ile, pazia ni lile lile, mtungi wa maji uko pale pale kwenye kona, lakini uso ni wa mtu mwingine. Mimi hupima programu yoyote ya picha kwa swali hilo: ukimaliza kuitumia, aliyekuzaa atakujua?

Snapseed inapita mtihani huu vizuri. Ni ya bure, haina matangazo, na imekuwa mikononi mwa Google tangu 2012. Kifaa chake ninachokipenda ni Selective. Unaweka kidole mahali unapotaka, tuseme kwenye shavu lililoliwa na kivuli, unapanua duara kwa vidole viwili, halafu unaburuta kulia au kushoto. Programu inatafuta rangi inayofanana na ile uliyogusa na kubadilisha hapo tu. Ukuta mweupe nyuma yako hauungui. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi hilo si jambo dogo, kwa sababu kamera ikiona ukuta mweupe na uso mweusi pamoja, mara nyingi uso ndio hulipa bili. Selective inakuuliza "wapi?" kabla ya kufanya chochote. Filta haiulizi.

Snapseed si malaika, lakini. Ina HDR Scape, ambayo ni kama Royco: kijiko kimoja kinanogesha, pakiti nzima inaharibu sufuria. Ukiona picha ya Nairobi yenye mawingu yanayofanana na mwisho wa dunia na lami inayong'aa kama samaki, jua mtu alimwaga pakiti.

Lightroom ni ya wale wanaotaka kuingia jikoni wenyewe. Inakuwezesha kugusa kila rangi peke yake, na hapo ndipo maajabu na hatari vinakaa nyumba moja. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, iko karibu na rangi ya chungwa. Masomo mengi ya mtandaoni yanakufundisha hivi: chagua rangi ya chungwa, pandisha mwangaza, ngozi "itang'aa". Kwenye ngozi nyeupe inang'aa kweli. Kwenye ngozi nyeusi, mtu anakuwa maji ya kunde bila kuombwa ruhusa. Wengi wananunua mipangilio iliyopikwa tayari bila kujua kwamba hatua hiyo iko ndani. Mimi naushusha ule mwangaza kidogo badala ya kuupandisha. Weusi unapata kina na jasho la paji la uso linameta lenyewe. Kinachoniudhi ni kwamba vifaa vingi vizuri vya Lightroom vimefungiwa nyuma ya malipo ya kila mwezi, na bando nalo linataka pesa.

VSCO ilijijengea jina kwa filta zinazoiga filamu za zamani. Ni tamu, sikatai. Chumba cha kawaida cha Umoja kinaonekana kama kumbukumbu ya mtu anayependwa. Ila zamani hiyo ina wenyewe. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu. Kodak walipoanza kuboresha filamu ionyeshe rangi za kahawia vizuri zaidi, msukumo mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa fanicha na chokoleti. Mbao zilisikizwa kabla yetu. Leo ukiweka filta ya kufifisha, ile inayogeuza weusi kuwa kijivu, ngozi yangu inaonekana kama ya mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Kwa hivyo VSCO natumia kwa majengo, chai na matatu. Nyuso nazipeleka Snapseed.

Na programu za urembo? Mwaka 2017 FaceApp ilitoa filta ya kumfanya mtu avutie zaidi, na watumiaji wakagundua kwamba inawapausha. Kampuni iliomba radhi na kusema tatizo lilitokana na picha zilizotumika kuifunza programu. Radhi ilikubalika, lakini imani yenyewe haijafutwa popote. Bado iko kwenye filta kibao: pua ipungue, ngozi ilainike, rangi ipande juu.

Rafiki yangu anayeuza vipodozi hukasirika nikisema haya. Anasema uso ni wake na raha ni yake. Ni kweli, na sitaki kumwongoza mtu mzima jinsi ya kujipenda. Shida yangu inaanza pale uamuzi unapofanywa na mtu mwingine, au na mashine, kabla mwenye uso hajaulizwa. Shosho yangu alipofariki, tulipeleka picha yake saiba fulani kuchapisha programu ya mazishi. Kijana wa pale, kwa nia njema, aliipitisha kwenye filta. Mikunjo yote ilienda. Alama ndogo ya kuungua na uji, karibu na kidevu, ilienda pia. Rangi ilipanda viwango viwili. Nakala mia mbili. Watu walizipokea kwa heshima, wakaimba, wakaketi. Shangazi yangu mkubwa aliitazama sana, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani?"

Hakuna pazia la Likoni lililowahi kufanya hivyo.

Kwa hivyo kabla hujapakua programu nyingine, ingia kwenye mipangilio ya kamera yako ya mbele. Simu nyingi huja na urembo umewashwa tayari, na unaweza kutumia mwaka mzima bila kujua. Zima. Jipige picha moja karibu na dirisha, saa kumi jioni. Ukiona kivuli kimekula shavu, fungua Snapseed, weka kidole hapo hapo, ongeza mwanga kidogo tu. Mtungi wa maji uache kwenye kona. Ukitaka ndege nyuma yako, weka ndege.