Hitilafu Irudi Ikiitwa: Namna ya Kumtambua Mpimaji Hodari wa Programu

Gari likifika gereji na mwenyewe akasema tu kwamba "linalia", fundi wa kubahatisha hufungua boneti papo hapo na kuanza kulegeza nati. Fundi anayeijua kazi huuliza kwanza. Linalia likiwa baridi au likishapata moto? Kwenye mlima au tambarare? Ukikanyaga klachi, mlio unakata au unaendelea? Kisha huomba ufunguo, huliendesha, na hatulii mpaka ausikie mlio ule kwa masikio yake na aweze kuutoa mbele ya mwenye gari. Katika kazi ya kupima programu za kompyuta na simu, huo ndio ustadi wenyewe. Wanaotafuta mpimaji wa kuajiri huangalia vyeti, huangalia zana anazozijua, humwuliza amewahi kugundua hitilafu ngapi. Yote hayo yana nafasi yake, lakini hayamtengi hodari na wa kawaida. Kinachowatenga ni hiki: hitilafu aliyoiona, anaweza kuirudisha anapotaka? Anayeweza ameielewa. Asiyeweza ameiona ikipita tu, kama mtu aliyemwona mwizi mgongo.

Ushahidi mzito kuliko wote ni wa Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 mashine hizo ziliwazidishia dozi wagonjwa sita, Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa. Katika hospitali moja ya mji wa Tyler, Texas, mgonjwa wa kwanza aliunguzwa tarehe 21 Machi 1986. Skrini iliandika "Malfunction 54", maneno ambayo hayakumweleza opereta jambo lolote la maana. Wahandisi wakaijaribu mashine, wasione kitu, ikarudishwa kazini. Tarehe 11 Aprili mgonjwa mwingine akapatwa na yaleyale, chini ya opereta yuleyule, kwa maandishi yaleyale kwenye skrini. Wote wawili walifariki kwa athari za mionzi hiyo. Hapo mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, akakaa na opereta wakaanza kurudia kila hatua aliyoipitia. Opereta alikuwa amekosea herufi moja, akaandika x ya eksirei badala ya e ya elektroni. Akapanda kwa kishale kusahihisha, kisha akashuka mbio kwa kitufe cha Enter, kwa kuwa sehemu nyingine zote zilikuwa sawa. Walirudia na kurudia mpaka wakakipata kiungo kilichokosekana, nacho ni kasi. Sumaku za mashine zilihitaji kama sekunde 8 kujipanga. Masahihisho yakikamilika ndani ya muda huo, programu haikuyatambua ipasavyo. Mhandisi wa kampuni alipojaribu kwake alipiga simu kusema haioni hitilafu. Alipoelezwa kwamba lazima aandike upesi, naye akaipata.

Ukilitazama tukio hilo kwa karibu unaona uhodari unatoka wapi. Waliotengeneza mashine walikuwa na michoro yake yote na programu yake yote. Hospitalini kulikuwa na watu wawili na kibodi. Lakini opereta alikuwa mwepesi wa vidole kwa mazoea ya kila siku, ilhali mtu anayeijaribu mashine huiandikia taratibu, kwa adabu, kama mgeni. Mpimaji hodari huitumia programu kama anayeipatia riziki yake: kwa haraka, kwa kurudi nyuma, kwa kuachia katikati, huku akikumbuka kila alichokigusa. Mambo haya mawili hayakai pamoja kwa urahisi, haraka ya mtumiaji na kumbukumbu ya karani, na ndiyo maana wapimaji wa kweli ni wachache.

Kwa hiyo anayetaka kumjua mpimaji aziombe ripoti zake kabla ya wasifu wake. Tuseme fomu ya kujisajili imelikataa jina Ng'ang'a. Mpimaji dhaifu ataandika "fomu haikubali majina", na msanidi ataifungua, ataandika jina lake mwenyewe, litakubaliwa, na ripoti itafungwa. Mpimaji wa wastani atajaribu Nganga, ataona limepita, na ataandika kwamba tatizo ni ritifaa, ile alama iliyo kama koma ya juu. Hapo amekaribia, na wengi huishia hapo wakiridhika. Hodari hujiuliza: je, ni kila ritifaa? Analiandika jina lilelile kwa kibodi ya kompyuta, linapita. Anarudi kwenye simu, linakataliwa. Analinakili lile la simu na kulibandika kwenye kompyuta, linakataliwa na huko pia. Sasa anajua kwamba simu haina kosa, jina halina kosa, na ritifaa kwa ujumla wake haina kosa. Baadhi ya simu huipindisha alama hiyo ili ipendeze machoni, na kwa kompyuta, iliyonyooka ni namba 39 na iliyopinda ni namba 8217, alama mbili zisizojuana. Ripoti yake inaeleza hayo kwa mistari minne, inataja simu na toleo la programu, inaambatanisha jina la kunakili, na inaongeza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: kama mtu huyu aliwahi kusajiliwa kwa alama iliyonyooka, mfumo utamtambua kuwa ni yeye, au atakuwa watu wawili? Mwenye jina hilo, na wote wenye majina ya namna ya Nyong'o na Wang'ombe, wamezoea kuambiwa na mashine kwamba majina yao yana makosa. Mpimaji ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuwatetea, na utetezi wake una nguvu kwa sababu anaweza kuonyesha.

Wapo watakaosema hesabu ya hitilafu ni kipimo cha haki zaidi, kwa kuwa namba haina upendeleo. Namba ina upendeleo mkubwa: humpendelea anayeokota vya juu. Lipa kwa idadi, utaletewa tahajia na rangi za vitufe, na kasoro moja itagawanywa ripoti tano. Ile ya ritifaa ilimlia mpimaji asubuhi nzima na ni moja tu katika hesabu. Anayetaka kipimo cha haraka kwenye usaili atumie zoezi ambalo Glenford Myers aliliweka mwanzoni mwa kitabu chake The Art of Software Testing mwaka 1979. Programu inapokea namba tatu nzima, urefu wa pande za pembetatu, na kusema kama pande zote ni sawa, au mbili tu, au hakuna zinazolingana. Msomaji aorodheshe majaribio anayoyaona yanatosha. Myers aliandaa maswali 14 ya kujisahihisha, akaeleza kwamba hata wanaprogramu wenye uzoefu mkubwa hupata wastani wa 7.8. Orodha yenyewe mtu anaweza kuikariri, ni kweli. Basi msaili aulize sababu. Aliyeandika 1, 2 na 3 aeleze kwa nini, na atajibu kwamba pande hizo hulala juu ya mstari mmoja, pembetatu haisimami. Kwa nini tena 3, 1 na 2? Kwa sababu huenda programu inajumlisha mbili za mwanzo tu bila kutazama mpangilio mwingine. Anayejibu hivyo tayari anaijua kazi ya kubadilisha kitu kimoja na kushikilia vingine vyote palepale, na ndiyo kazi iliyofanywa kule Tyler.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: siku hizi majaribio huendeshwa na mashine, usiku kucha, bila kuchoka, mtu wa nini? Majaribio hayo ni neema, na mpimaji asiyeweza kuyaandika amejinyima mkono wa kulia. Ila mashine hurudia swali ulilolipa. Itaandika Ng'ang'a kwa ritifaa iliyonyooka mara 1000 na kukupa alama ya kijani mara 1000. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliacha njia na kulipuka muda mfupi tu baada ya kuanza safari yake ya kwanza. Sehemu ya programu yake ilitoka kwenye Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Lakini roketi mpya ilikwenda kwa mwendo mwingine, na namba ya kasi ya mlalo ikazidi nafasi iliyotengewa, nafasi isiyoweza kubeba zaidi ya 32,767. Baada ya ajali, wachunguzi waliipa programu takwimu za safari ileile, nayo ikarudia kosa lake bila kusita. Jaribio hilo lingewezekana kabla ya kuruka. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama safari ya roketi hii inafanana na ya ile, na swali hilo halikai ndani ya zana yoyote.

Je, hitilafu zisizorudi? Zipo, na wasanidi huzichukia kwa haki. Lakini "hairudi" mara nyingi maana yake ni kwamba kuna sharti moja halijajulikana: muda, mtandao uliolegea, mtu wa pili aliyegusa kumbukumbu ileile kwa wakati mmoja. Malfunction 54 nayo ilikuwa "hairudi" mpaka kasi ilipotajwa. Pale ambapo juhudi zimegonga mwamba, tazama uaminifu wa maandishi. Hodari ataandika kwamba imetokea mara 3 kati ya 40, zote kwenye mtandao dhaifu, na kwamba chanzo hajakijua. Hatasema imekwisha kwa sababu leo haikuonekana. Edsger Dijkstra alikwisha kueleza, zaidi ya nusu karne iliyopita, kwamba majaribio yanaweza kuonyesha hitilafu zipo lakini hayawezi kuthibitisha hazipo. Ndiyo sababu kauli "nimepima, haina tatizo" inapaswa kumtia wasiwasi anayeisikia, na kauli "nimepima haya, yale sikuyafikia" inafaa ilipwe vizuri.

Alama ya mwisho ya ustadi huonekana siku msanidi anaposema amerekebisha. Mpimaji wa kawaida hufungua toleo jipya, haoni kosa, hufunga ripoti. Hodari huanza na toleo la zamani, huirudisha hitilafu kwa hatua zilezile, huhakikisha bado imo mkononi mwake, ndipo huzirudia hatua hizo kwenye toleo jipya. Inaonekana ni kazi maradufu, lakini tazama kilichotokea pale ilipokosekana. Julai 1985, miezi minane kabla ya Tyler, Therac-25 ilimwunguza mgonjwa huko Hamilton, Ontario. Kampuni ilishindwa kuirudisha hali ile, ikashuku swichi ndogo ya kuonyesha mahali lilipo bamba linalozunguka, ikaibadilisha, kisha ikatangaza kwamba usalama wa mashine umeongezeka angalau mara 100,000. Kwa kuwa kosa lenyewe halikuwahi kurudishwa, hakukuwa na kitu cha kulinganisha nalo rekebisho hilo, na mashine ikaendelea kutibu.