Tunapima ulimi wa mtoto au fikra zake?

KWA muda sasa nimekuwa nikitazama video za wanafunzi wa Japani wakishindana kutoa hotuba kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka 13 au 14 anapanda jukwaani, sare yake imepigwa pasi ikanyooka, anainamia hadhira kwa adabu, kisha anazungumza kwa dakika tano bila karatasi mkononi. Anasimulia habari za nyanyake, au za nduguye mlemavu, au za siku aliyochekwa darasani. Akimaliza anainama tena na kushuka.

Mashindano maarufu ya aina hii, kwa watoto wa umri wa wanafunzi wetu wa Sekondari Msingi, yalianza mwaka wa 1949. Wakati huo Japani ilikuwa imeshindwa vitani na ingali chini ya majeshi yaliyoongozwa na Marekani. Kombe lake lilibeba jina la Mwanamfalme Takamatsu kwa nusu karne. Tangu 1999 limebeba la Mwanamfalme Takamado. Washindani hutoka pembe zote za nchi hiyo yenye mikoa 47, wakachujwa huko kwao kabla ya kufika Tokyo.

Nina ukosoaji wangu kuhusu mashindano haya, lakini kwanza niyape haki yake.

Jambo la kwanza linalonifurahisha ni kwamba hotuba inatakiwa kuwa ya mtoto mwenyewe. Haji kukariri shairi la mtu mzima wala hotuba ya rais fulani. La pili ni kwamba kanuni huwawekea mipaka watoto walioishi kwa muda mrefu katika nchi zinazozungumza Kiingereza. Waandalizi wanatambua kuwa lafudhi aliyoiokota mtoto London au Chicago kwa sababu babake alihamishwa kikazi si juhudi ya kutuzwa. La tatu halionekani upesi. Kijapani kina viwakilishi kadhaa vya 'mimi', na mzungumzaji huchagua kulingana na jinsia yake, umri wake na anayezungumza naye. Kina pia daraja za heshima ambazo mdogo hawezi kuziruka mbele ya mkubwa. Kiingereza kina 'mimi' mmoja tu. Ninashuku kwamba baadhi ya watoto hawa hupata katika lugha ya kigeni kichaka cha kujifichia, wakasema mbele ya walimu wao mambo ambayo kwa lugha ya nyumbani yangewakwama kooni.

Sasa kasoro. Ukisikiliza hotuba kumi mfululizo utaanza kuzitabiri. Zinafunguliwa kwa kisa kidogo cha nyumbani, kinafuata kilio, kisha maneno ya hekima kutoka kwa mzee, na mwisho ahadi ya kuibadilisha dunia. Mikono inapanda na kushuka mahali palepale, kama iliyofungwa uzi. Unasikia sauti ya mtoto lakini unahisi mkono wa mwalimu. Na katika nchi ambako biashara ya masomo ya ziada ya jioni, yale yanayoitwa juku, imeshamiri, ni rahisi kukisia ni mzazi yupi anayeweza kulipia mkono huo.

Hata hivyo, kasoro hizi hazimuumizi sana mtoto wa Kijapani. Akishindwa Tokyo, anarudi darasani kujifunza hesabu, sayansi na historia kwa Kijapani. Hakuna atakayemwona mjinga kwa kuwa Kiingereza chake kimechechemea.

Hali hiyo haikujileta yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, Mori Arinori, mwanadiplomasia ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu, alipendekeza Kiingereza kichukue nafasi ya Kijapani. Yeye na wenzake walishuku pia kwamba Kijapani kingefaa kuhutubia umma. Waliona ni lugha ya mazungumzo tu. Mwaka wa 1874, msomi Fukuzawa Yukichi aliwajibu kwa vitendo. Wakiwa wamekutana, alianza kuwaeleza maoni yake kuhusu suala la kisiasa la wakati huo, akaendelea mpaka mwisho, kwa Kijapani. Kisha akawauliza kama wamemwelewa. Kama wamemwelewa, basi hotuba inawezekana! Mwaka uliofuata alijenga ukumbi wa hotuba katika chuo chake cha Keio, Tokyo, na ukumbi huo upo hadi leo.

Kwa hivyo watoto wa 1949 walipopandishwa jukwaani kusema Kiingereza, lugha yao ilikuwa imelizoea jukwaa kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka wa 2008, Maskawa Toshihide alipokwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel ya fizikia, aliomba radhi kwamba hajui kuzungumza Kiingereza, akatoa mhadhara wake kwa Kijapani. Hakuna aliyemnyima tuzo.

Kwetu je? Miaka 100 kamili baada ya Fukuzawa, yaani 1974, Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni. Baadhi ya waheshimiwa walihangaika kwelikweli. Leo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini ingia shuleni uone. Waliosoma enzi zetu wanakikumbuka kile kibao cha 'monto' alichovishwa aliyeteleza akasema lugha ya mama. Siku hizi kibao kimepungua lakini kicheko kipo palepale. Mtoto anayeweka 'tweng', Kizungu cha kupitia puani, anapigiwa makofi kabla hajasema lolote la maana.

Na msidhani sisi watu wa Kiswahili tumepona ugonjwa huo. Wacha niungame langu.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi kwenye meza ya majaji katika mashindano ya hotuba za Kiswahili huko Nyanza. Msichana mmoja alizungumzia maji. Alieleza kwamba yeye na wenzake huteka maji mtoni alfajiri, wakachelewa shuleni, wakaadhibiwa langoni. Akasema: walimu huwahesabu wanaochelewa, lakini hakuna anayehesabu mitungi. Ukumbi ulinyamaza. Mimi nilikuwa nimeinama nikiandika. Kila aliposema 'sule' badala ya 'shule', na 'sida' badala ya 'shida', nilimkata alama. Tuzo tulimpa mvulana aliyetamka kama aliyezaliwa Lamu, akakariri hotuba kuhusu umuhimu wa elimu. Katika hotuba hiyo sikumbuki hata sentensi moja. Mitungi ya yule msichana ningali naisikia.

Nilifanya kosa lilelile ninalomlaumu nalo mwalimu wa Kiingereza. Lugha ya mama ya msichana yule haina sauti hiyo, na hakuna aliyekosa kumwelewa. Kipimo cha Fukuzawa, yaani kuuliza kama umeeleweka, kingetosha kumpa ushindi.

Hoja yangu si kwamba matamshi yasifunzwe. Nimeyafundisha na nitaendelea kuyafundisha. Lakini darasa ni mahali pa kusahihisha sauti, na jukwaa ni mahali pa kupima hoja. Napendekeza mambo mawili kwa waandalizi wa mashindano yetu, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kwanza, alama nyingi ziende kwa wazo na mpangilio wake, na matamshi yakatwe alama pale tu yanapozuia maana. Pili, baada ya hotuba, jaji amuulize mtoto maswali mawili ambayo hakuyatarajia. Mwenye wazo lake atajibu, hata akigugumiza. Aliyeazimwa hotuba na mwalimu atajulikana papo hapo, na mwalimu naye atajifunza kumwacha mtoto aandike.

Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunawapandisha watoto jukwaani wakisifu Kiswahili. Mwaka ujao tuwaombe waeleze kwa Kiswahili jinsi pampu ya maji inavyofanya kazi, au kwa nini bajeti ya kaunti haikufika kijijini kwao. Yule msichana wa Nyanza angekuwa na la kusema, na safari hii ningeweka kalamu chini nimsikilize.